Wikipedia ya Kiswahili inahitaji wabishi kuliko wingi wa makala

MSOMAJI anayefungua ukurasa wa Wikipedia ya Kiswahili husoma anachokitafuta kisha akaenda zake. Ni wachache wanaotupia jicho neno ‘Majadiliano’ lililo juu ya makala. Ukibofya hapo unaingia nyuma ya pazia, mahali wanapokutana watu wanaoyaandika makala hayo bila malipo. Hapo huulizana, husahihishana, na mara nyingine hushambuliana. Neno hilo likiwa na rangi nyekundu, maana yake ni kwamba ukurasa wa majadiliano haupo. Hakuna aliyewahi kutamka lolote kuhusu makala hayo tangu yaandikwe.

Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikizisoma kurasa hizo za nyuma jinsi mhakiki anavyosoma tamthilia, nikisikiliza nani anasema nini, kwa sauti gani, na nani amenyamaza. Kauli yangu ni hii. Udhaifu mkubwa wa Wikipedia ya Kiswahili hautokani na uhaba wa istilahi wala uchache wa makala, kama tunavyoambiwa kila uchao. Unatokana na kimya. Wekundu ni mwingi mno.

Tuelewane kwanza jinsi kazi hii inavyofanywa. Wikipedia ilianzishwa Januari 15, 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger kwa Kiingereza. Toleo la Kiswahili likaja 2003. Yeyote anaweza kubofya ‘Hariri’ akabadilisha alichokikuta. Kila badiliko, hata la nukta moja, huhifadhiwa katika historia ya ukurasa, na likiwa baya mwingine hulifuta na kurejesha maneno ya awali. Wanaofanya kazi hiyo hawajuani. Mmoja yuko Dodoma, mwingine Eldoret, wa tatu yuko Ulaya na Kiswahili alijifunza ukubwani. Hawana bosi wala chumba cha mikutano. Wana ukurasa wa majadiliano, basi.

Thamani ya ukurasa huo huonekana vizuri katika toleo la Kiingereza. Kuna mji wa bandari huko Poland uitwao Gdańsk, ambao Wajerumani waliuita Danzig. Wahariri waligombania jina hilo vikali, huyu akiandika hivi, yule akifuta. Mwanzoni mwa 2005 walipiga kura kwenye ukurasa wa majadiliano, wakaamua kwamba mji huo uitwe Danzig panapozungumziwa kipindi cha 1308 hadi 1945, na Gdańsk kwa vipindi vingine. Anayesoma makala hayo leo hajui jasho lililomwagika, lakini jasho hilo ndilo lililoyakomaza. Desemba mwaka huo huo, jarida la Nature lililinganisha makala 42 ya kisayansi ya Wikipedia ya Kiingereza na yale ya Encyclopaedia Britannica. Lilipata wastani wa makosa manne hivi katika kila makala ya Wikipedia, na matatu katika ya Britannica. Britannica walilipinga vikali jarida hilo. Hata hivyo, kwamba ulinganisho wenyewe uliwezekana, miaka isiyotimia mitano baada ya watu baki kuanza kuandika pamoja, lilikuwa jambo la kushangaza.

Sasa turudi nyumbani. Kwani Kiswahili hakina ya kubishaniwa? Tele!

Chukua neno ‘kata’. Mtanzania akilisoma anaona eneo linalomchagua diwani. Mkenya wa rika langu akilisikia anamwona chifu na kofia yake. Kwetu kata ilikuwa eneo la chifu, na kata ndogo eneo la naibu wake, ilhali eneo linalomchagua mwakilishi katika bunge la kaunti ni wadi. Wikipedia ya Kiswahili ina makala mafupi chungu nzima kuhusu kata za Tanzania. Yapo pia makala yanayohusu Kenya ambamo wadi inaitwa kata, na mambo yakaishia hapo. Huenda huo ni uamuzi mzuri. Nchi mbili zinazotumia lugha moja zinaweza kukubaliana istilahi moja ya utawala. Lakini uamuzi wa aina hiyo unadai hoja zilizoandikwa mahali, ili mwanafunzi wa Kakamega anayekuta wadi yake imegeuzwa kata aweze kuona sababu, na akitaka, apinge.

Au chukua sayari. Wanafalaki wa pwani walirithi kutoka kwa Kiarabu majina Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Hata hivyo, wapo wanaoiita Utaridi ‘Zebaki’. Jina hilo limetoka wapi? Limetoka kwa Kiingereza, ambacho hutumia neno moja kwa sayari hiyo na kwa madini ya majimaji yaliyokuwa yakitiwa ndani ya kipimajoto. Mtafsiri alikuta neno la Kiingereza, akafungua kamusi, akaona ‘zebaki’, akaibandika angani. Kiswahili kilikuwa na maneno mawili kwa vitu viwili, nacho kikapewa utata wa lugha ya watu wengine. Haya ni mambo ya kupigiwa kelele. Mtu akiandika hoja yake penye majadiliano, na mwingine akamjibu kwamba watoto wengi shuleni wamefunzwa Zebaki na jina likishazoeleka limekuwa jina, hapo lugha inakua mbele ya macho yetu.

Hata jina la kazi yenyewe lina utata. Wikipedia hujitambulisha kwa Kiswahili kama ‘kamusi elezo huru’. Kamusi hueleza maneno. Ensaiklopidia hueleza vitu, watu na matukio. Kuiita ya pili ‘kamusi elezo’ ni kuifanya aina ya ile ya kwanza. Anayelitetea jina hilo atasema kwamba linajieleza lenyewe hata kwa asiyejua Kigiriki, na hapo ana hoja. Mimi ningechagua ensaiklopidia. (Hilo neno ‘huru’, kwa kupitia tu, ni ndugu wa damu wa ‘hariri’. Yote mawili yana shina moja la Kiarabu, na katika lugha hiyo neno ‘tahrir’ lina maana ya kukomboa na pia ya kuhariri. Aliyeyaweka pamoja kwenye ukurasa mmoja huenda hakujua alichofanya.)

Neno jingine lililonikamata ni ‘wakabidhi’. Ndivyo waitwavyo wahariri wachache waliopewa madaraka ya kufuta kurasa na kuwazuia waharibifu. Mwalimu wa sarufi ataruka mara moja: anayekabidhi ni mkabidhi, na anayekabidhiwa madaraka ni mkabidhiwa. Kwa hiyo neno limekosewa! Taratibu, mwalimu. Katika Kiswahili cha zamani, kukabidhi kulikuwa na maana ya kushika na kuweka mkononi pia, karibu na maana yake ya Kiarabu. Mkabidhi wa wakati huo alikuwa mshika mali, mtu asiyeachia ovyo. Kwa maana hiyo jina linawafaa sana walinzi wa kurasa. Kama aliyelipendekeza aliijua maana hiyo, ni mjuzi. Kama hakuijua, ana bahati. Mjadala kuhusu neno kama hilo ungetufunza sarufi na historia ya lugha kwa pamoja, na ungebaki pale kwa ajili ya wajao.

Kwa nini basi watu wananyamaza? Jibu rahisi ni kwamba wahariri ni wachache na kazi ni nyingi. Ni kweli, lakini sidhani jibu hilo linatosha. Kuna suala la adabu.

Kiswahili hakina viwakilishi viwili vya nafsi ya pili, kimoja cha heshima na kingine cha wenza, kama Kifaransa. Heshima yetu hukaa katika namna ya kuitana na kuamkuana: mzee, mama, bwana, bi, mwalimu, shehe. Shikamoo haitamkiki bila kujua nani mkubwa. Sasa kwenye Wikipedia mwenzako ni jina la kubuni na tarakimu mbili. Huenda ni kijana wa Kidato cha Tatu. Huenda ni mstaafu aliyekufundisha. Utamwambiaje kwamba aya yake ni ovyo, nawe hujui umwamkueje? Wengi huona heri wapite kimya. Wengine huyafuta maneno yake bila kueleza, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa sababu kufuta kimyakimya ni matusi yasiyo na sauti. Wapo wanaojinusuru kwa neno ‘ndugu’, nami naliona chaguo la busara. Enzi za Ujamaa nchini Tanzania neno hilo lilitumika hasa kusawazisha vyeo, waziri akawa ndugu na mkulima akawa ndugu. Kumbe lilikuwa likisubiri mtandao.

Mwongozo mmojawapo wa Wikipedia unasema umchukulie mwenzako kuwa ana nia njema mpaka ithibitike vinginevyo. Wanaouleta kwetu huueleza kana kwamba ni ugunduzi mpya. Mswahili wa Mombasa au Lamu amefunzwa tangu utotoni kumwekea mwenzake dhana njema. Wala ubishi wa adabu si mgeni kwetu. Katika karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, miji yao ikiwa katika uhasama mkali. Hadi leo washairi huulizana maswali kwenye kurasa za magazeti, na majibu yakaendelea kwa majuma. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka 1974, mabishano kuhusu mashairi yasiyo na vina wala mizani yaliendelea kwa miaka, na uhakiki wa ushairi wa Kiswahili ulinufaika nayo.

Ila kuna tofauti moja ambayo sharti tuitazame vizuri. Katika malumbano kila mshairi ana shairi lake. Akishindwa, shairi lake linabaki na jina lake chini. Kwenye Wikipedia mahasimu wawili wanaandika matini moja. Hakuna beti zangu na beti zako. Mwisho wa ubishi sharti ipatikane sentensi moja ambayo kila mmoja anaweza kuivumilia, na ambayo haina jina la yeyote. Huo ni ufundi mwingine kabisa. Malumbano yametufunza kumshinda mwenzetu kwa hoja. Kuandika naye sentensi baada ya kumshinda, au baada ya kushindwa naye, bado hatujakufanyia mazoezi ya kutosha.

Na sisi wasomi tuko wapi? Nje ya lango, tukicheka. Tunawaambia wanafunzi wasinukuu Wikipedia, kisha hatuigusi. Kuna sababu za kimaslahi. Anayetaka kupandishwa cheo huulizwa kuhusu makala ya majarida, si kuhusu aya aliyoirekebisha usiku katika ukurasa usiobeba jina lake. Kuna pia sababu ya kiburi. Humo ndani uprofesa hauna nguvu. Hoja husimama kwa chanzo kilichochapishwa. Kanuni hiyo ina maana yake. Mwaka wa 2007 ilibainika kwamba mhariri mmoja mashuhuri wa toleo la Kiingereza, aliyejitambulisha kama profesa wa theolojia na kuutumia uprofesa huo katika mabishano, alikuwa kijana wa miaka 24 asiye na shahada hizo. Mtu akikuambia ‘niamini, mimi ni msomi’, una haki ya kumuuliza ukurasa wa ngapi.

Kanuni hiyo hiyo inatuumiza upande mwingine. Mvuvi wa Vanga anayejua pepo na nyota kuliko kitabu chochote si chanzo kinachokubalika, kwa kuwa hajachapishwa. Mengi ambayo yamechapishwa kwa Kiswahili nayo yamefungiwa maktabani, katika matoleo ya Mulika au Mwanga wa Lugha ambayo mhariri aliye nyumbani na simu yake hawezi kuyafikia. Jarida kama Swahili Forum, linalosomwa bure mtandaoni, ni msaada mkubwa. Wenzetu walijaribu njia nyingine mwaka wa 2011, katika mradi uliofanyika India na Afrika Kusini, ambapo mahojiano yaliyorekodiwa yalitumiwa kama vyanzo vya makala. Jaribio hilo lilizua ubishi mkubwa, kama ilivyostahili. Ningependa kuona ubishi huo ukifanywa kwa Kiswahili, na watu ambao bibi zao ndio vyanzo vyenyewe.

Badala ya hayo, tumeshikwa na homa ya idadi. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika makala ya Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, zawadi zikatolewa. Sina neno na zawadi. Lakini mashindano ya aina hii huhesabu makala, kwa hiyo huzaa makala, hayazai wahariri. Mshiriki hana haja ya kurudi kuona kama kuna aliyemuuliza swali. Ajuaye Kiswahili akisoma aya mbili tatu zilizoandikwa kwa kukimbizana na hesabu atazitambua. ‘Yeye ni anajulikana kwa’, ‘moja ya wachezaji bora’, ‘ilikuwa imejengwa na serikali katika mwaka’. Mifano hiyo nimeitunga mwenyewe ili nisimuaibishe mtu, ila kila mwalimu ataitambua sura yake. Ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Tukitaka kuona homa hiyo inaishia wapi, tutazame kwingine. Wikipedia ya Kicebuano, lugha ya Ufilipino, ina makala zaidi ya milioni sita na huwa katika safu za mbele kabisa duniani kwa idadi. Karibu yote yaliandikwa na programu ya kompyuta iliyoundwa na Msweden, Sverker Johansson. Wahariri wanaozungumza lugha yenyewe ni wachache mno, na kijiji cha makala milioni sita hakina watu. Mwezi wa Agosti 2020 iligunduliwa kwamba zaidi ya makala 20,000 ya Wikipedia ya Kiskoti yaliandikwa na kijana Mmarekani asiyeijua lugha hiyo. Aliandika kwa miaka mingi, kwa nia njema kwa jinsi ionekanavyo, akibadilisha tahajia za Kiingereza. Jambo la kutisha zaidi kwangu ni miaka hiyo iliyopita bila pingamizi la kutosha. Mnamo 2025 ikaamuliwa kwamba toleo la lugha ya Greenland lifungwe kabisa, kwa kuwa limejaa tafsiri za mashine na halina wenyeji wa kulisafisha.

Kiswahili hakijafika huko. Kina wasemaji wengi na wahariri wenye bidii, na Agosti 2025 mkutano wa dunia wa wahariri wa Wikipedia, Wikimania, ulifanyika Nairobi, mara ya kwanza katika Afrika Mashariki. Lakini hatari ni ile ile, na sasa imeongezeka. Mashine za akili mnemba (au akili unde, nalo hilo lina wabishi wake) hujifunza lugha kwa kusoma matini zilizopo mtandaoni. Kwa lugha yenye matini chache, Wikipedia huwa sehemu kubwa ya chakula hicho. Mashine ikijifunza kwamba ‘yeye ni anajulikana’ ni Kiswahili, itamwandikia hivyo mwanafunzi, naye ataibandika kwenye Wikipedia, nayo mashine itaisoma tena. Pa kuukata mzunguko huo ni kwenye ule ukurasa wa majadiliano, mtu aliyeijua lugha tangu utotoni aandike: ndugu, sentensi hii si Kiswahili, na sababu ni hizi.

Mwaka wa 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, ikasanifisha tahajia na msamiati. Kwa miaka yake ya mwanzo wasemaji wenyewe hawakuwa na kiti mezani. Tumelilalamikia jambo hilo tangu niwe mwanafunzi, na tungali tunalilalamikia kwenye makongamano. Leo meza ipo, viti havina idadi, na historia ya kila kauli inahifadhiwa. Malalamiko yangu ni kwamba tumeketi barazani.

Kwa walimu wenzangu wa vyuo na shule nina pendekezo moja. Acheni kumpa mwanafunzi zoezi la kuandika makala kumi mapya. Mpeni moja lililopo, lile lenye wekundu, alisome kwa kalamu, atafute vyanzo viwili, kisha kabla ya kugusa neno lolote aandike kwenye ukurasa wa majadiliano anachokipinga na kwa nini. Akae wiki mbili akisubiri jibu. Likija, alijibu kwa Kiswahili. Lisipokuja, ahariri, na aache sababu zake pale pale, akizitia sahihi.